Granji Haikuwaua Vijana Wake

Kila Aprili inapofika, jina la Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya Nirvana aliyejiua mwezi huo mwaka 1994, huibuka upya, na pamoja nalo huibuka shutuma ambayo sasa imepita miaka 30: kwamba granji, muziki wa magitaa mazito uliotoka Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, ulikichukua kizazi kizima cha vijana, ukakijaza huzuni, ukakifundisha kukata tamaa, mpaka ukakionyesha njia ya kaburini. Wazazi walilisema hilo, wahubiri walilisema, na hadi leo wapo waandishi wanaolirudia kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Naikataa shutuma hiyo. Huzuni ilikuwapo kabla ya muziki. Muziki uliwapa vijana ruhusa ya kuisema kwa sauti, na kijana anayeweza kusema yanayomsibu ana nafuu kubwa kuliko yule anayenyamaza nayo.

Tutazame kwanza takwimu za serikali ya Marekani. Mwaka 1950, katika kila vijana 100,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 24, waliojiua walikuwa 4.5. Mwaka 1990 walikuwa 13.2. Kiwango kilikaribia kuongezeka mara tatu katika muda wa miaka 40, na huo mwaka 1990 Nirvana walikuwa na albamu moja tu sokoni, ya lebo ndogo, yaani kampuni ndogo ya kurekodi muziki, ambayo watu wengi nje ya Seattle hawakuijua, na Pearl Jam, bendi nyingine kubwa ya Seattle, walikuwa hawajapata hata jina hilo. Mwaka 1994 kiwango kilifika 13.8, kisha kikaanza kushuka. Mwaka 2000 kilikuwa 10.2. Sisemi granji ndiyo iliyokishusha. Kupanda na kushuka kwa namna hiyo kuna sababu nyingi, na muziki, hata ukipendwa vipi, ni kitu kidogo mbele ya ajira, familia na silaha zilizomo majumbani. Lakini anayeulaumu muziki kwa ongezeko lile atueleze kwanza imekuwaje ongezeko likautangulia muziki kwa miongo kadhaa.

Basi huzuni ile ilitoka wapi? Aberdeen, mji aliozaliwa Cobain mwaka 1967, uko karibu na pwani ya Pasifiki, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Seattle. Ni mji wa mbao. Magogo yalishushwa kutoka misituni, yakapasuliwa viwandani, yakapakiwa melini, na mji mzima ukaishi kwa msumeno. Kufikia miaka ya 1980 viwanda vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, na vijana waliokua wakijua kwamba watafanya kazi walizofanya baba zao wakakuta kazi zenyewe hazipo. Seattle nayo ilikuwa na kovu lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya ndege ya Boeing ilipunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wa eneo hilo, hata watu wawili wakapandisha bango kando ya barabara likimwomba mtu wa mwisho atakayeondoka mjini azime taa. Watoto wa siku hizo ndio waliokuja kushika magitaa baadaye.

Ndani ya nyumba nako mambo yalikuwa yamebadilika. Kuanzia California mwaka 1970, majimbo ya Marekani yaliruhusu talaka bila mmoja kuthibitisha kosa la mwenzake, na talaka zikaongezeka hadi kufikia kilele karibu na mwaka 1980. Wazazi wa Cobain waliachana akiwa bado mtoto, akawa anahamishwa kutoka kwa ndugu huyu kwenda kwa yule. Eddie Vedder, mwimbaji wa Pearl Jam, alilelewa na mtu aliyeamini ni baba yake, akaja kuambiwa baadaye kwamba hakuwa baba yake mzazi, na kwamba yule wa damu alikuwa amekwisha kufa. Mambo ya namna hii yalikuwa katika maelfu ya nyumba, na hapakuwa na mahali pa kuyasemea. Redio ya wakati ule ilijaa bendi za roki za Los Angeles zilizoimba juu ya magari, wanawake na sherehe, nywele zikiwa zimepuliziwa dawa zikasimama wima. Kijana wa Aberdeen angejiona wapi katika nyimbo hizo?

Kuna jambo moja la Seattle ambalo masimulizi mengi ya granji hulipita haraka, nami naliona kubwa. Mwaka 1985 halmashauri ya jiji ilipitisha sheria ndogo juu ya dansi za vijana. Sababu yake haikuwa ya kipuuzi. Kulikuwa na klabu moja mjini iliyotuhumiwa kuwa mahali ambapo watoto walipewa dawa za kulevya na kudhulumiwa kingono, na wazazi walikuwa na haki ya kupaza sauti. Lakini dawa iliyotolewa ilikuwa kali kuliko ugonjwa. Mtu yeyote aliyetaka kuandaa dansi ya vijana chini ya miaka 18 alitakiwa awe na bima ya dola milioni 1 na aajiri askari wawili wasiokuwa zamu. Ni nani angeweza? Wenye fedha hizo hawakuwa na haja ya kuchezesha watoto, na waliotaka kuwachezesha hawakuwa na fedha hizo. Matamasha ya bendi yaliingia katika utata wa sheria hiyo hiyo, waandaaji wakaogopa. Mabaa nayo, kwa sheria ya pombe, yalikuwa ya watu wa miaka 21 kwenda juu. Kwa hiyo mji ule ambao dunia ingeusifu baada ya miaka michache kuwa makao makuu ya muziki wa vijana uliwaacha vijana wake wenyewe nje, mvuani, wakisikiliza ngoma kupitia ukutani.

Waliopata mahali walipata kwa kubahatisha. Tacoma, mji jirani, palikuwa na jumba moja la zamani la sinema ambapo watu wa umri wowote waliingia, na ndipo Nirvana walipopiga baadhi ya maonyesho yao ya kwanza mwaka 1987. Olympia, mji mwingine wa karibu, palikuwa na chuo na kumbi za kujitafutia. Na kulikuwa na maduka ya rekodi. Tarehe 16 Septemba 1991, siku chache kabla ya albamu yao kubwa kutoka, Nirvana walipiga bure ndani ya duka la Beehive, katikati ya makasha ya rekodi. Dukani hakuna mtu anayemwuliza mtoto kitambulisho, na duka lilifurika.

Wengi nje ya Seattle walidhani muziki huu ulizuka kwa siku moja. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tangu mwaka 1986 kulikuwa na rekodi ya mkusanyiko iliyoweka bendi sita za pale pamoja, wakiwemo Soundgarden, Melvins na Green River. Bruce Pavitt, aliyeanza na jarida la kunakili kwa mashine akiwa mwanafunzi Olympia, na Jonathan Poneman, mtangazaji wa redio ya chuo kikuu, waliunganisha nguvu wakaiendesha lebo ya Sub Pop. Walikuwa na ujanja wa biashara na mfuko mtupu. Mwaka 1988 walianzisha klabu ya wanachama: unalipa kabla, kila mwezi unaletewa rekodi ndogo kwa posta. Fedha za wanachama ndizo zilizolipia kazi ambayo haijatengenezwa bado. Mwaka uliofuata wakamlipia nauli mwandishi wa jarida la muziki la Uingereza, Everett True, aje aone. Alipoandika, London ikaijua Seattle kabla New York haijaijua.

Albamu ya kwanza ya Nirvana, iliyotoka 1989, ilirekodiwa na Jack Endino katika studio ndogo kwa saa zipatazo 30, na gharama yake ilikuwa dola 606 na senti 17. Hata fedha hizo bendi haikuwa nazo. Alizitoa rafiki mmoja, Jason Everman, na kwa shukrani jina lake likaandikwa kwenye jalada kama mpiga gitaa ingawa hakupiga hata noti moja katika albamu hiyo.

Naomba msomaji akae kidogo na sauti yenyewe, kwa sababu humo ndimo ilimo siri ya kwa nini vijana waliishika haraka. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita, na ule mnene kabisa hukazwa katika noti ya E. Buzz Osborne wa Melvins alimwonyesha Kim Thayil, mpiga gitaa wa Soundgarden ambaye wazazi wake walitoka India, namna ya kuulegeza uzi huo hatua moja hadi D. Ukifanya hivyo, kidole kimoja kikilala juu ya nyuzi tatu nene kinatoa mlio mzima, mzito kama injini ya lori, ambao kwa ukazaji wa kawaida ungehitaji vidole viwili au vitatu. Ongeza kiboksi cha kukanyaga kwa mguu kinachoikwaruza sauti. Mudhoney, bendi nyingine ya Seattle, walivipenda viboksi hivyo kiasi cha kuipa rekodi yao ya mwaka 1988 majina ya viboksi viwili. Kisha utulie kwenye ubeti, karibu unong'one, na ufikapo kwenye kiitikio ukanyage kiboksi na kupiga kelele. Kijana wa miaka 14 mwenye gitaa la bei ya chini angeweza kupata kitu cha namna hiyo kabla ya Jumapili jioni. Mabingwa wa roki waliotangulia walimtaka afanye mazoezi miaka minane ndipo athubutu kupanda jukwaani. Hawa walimwambia kwa vitendo kwamba anaweza kuanza leo.

Na kweli walianza. Huko Newcastle, Australia, watoto watatu wa shule waliokuwa wakipiga muziki gerejini waliingia katika shindano la bendi mwaka 1994, wakashinda, na mwaka uliofuata albamu yao ya kwanza kama Silverchair ikavuka bahari. Walikuwa na umri wa miaka 15 hivi. Wachambuzi waliwacheka kwamba wanaiga Seattle. Waige! Mtoto hujifunza kusema kwa kuiga wanaosema.

Ya mwaka 1991 yanajulikana, nitayapita upesi. Albamu ya kwanza ya Pearl Jam ilitoka Agosti, Nevermind ya Nirvana ikatoka tarehe 24 Septemba, na kampuni iliyoitoa haikutegemea makubwa. Nakala za kwanza zilizosambazwa Marekani zilikuwa 46,000 na ushei. Tarehe 11 Januari 1992 albamu hiyo ilimwondoa Michael Jackson katika nafasi ya kwanza ya chati ya jarida la muziki la Billboard. Jambo moja la kiufundi lilisaidia: tangu Mei 1991 Billboard ilikuwa imeacha kutegemea taarifa za mdomo kutoka madukani na kuanza kuhesabu mauzo halisi yaliyosomwa na mashine. Ladha ya vijana, ambayo wenye maduka walikuwa hawaipi uzito, ikaonekana kwa namba.

Hapo ndipo wakubwa walipogeuza shingo. Mwezi Novemba mwaka 1992 gazeti la New York Times liliandika makala ndefu juu ya granji, likaambatanisha orodha ya misemo inayodaiwa kutumiwa na vijana wa Seattle. Mwandishi alikuwa amepiga simu kuomba misemo hiyo, na mwanamke kijana aliyekuwa akifanya kazi katika lebo moja, Megan Jasper, akabuni yote papo hapo, moja baada ya nyingine. Gazeti likaichapa kama ilivyo. Watu husimulia kisa hiki kwa kucheka. Mimi naona ndani yake jambo zito: gazeti mashuhuri la nchi hiyo lilitaka sana kuujua mtindo wa vijana hawa hata likasahau kuwauliza vijana wenyewe wanaishije.

Mwezi huo huo, mjini New York, mbunifu Marc Jacobs alionyesha mavazi ya granji aliyoyatengeneza kwa kampuni ya Perry Ellis. Vijana wa jimbo la Washington, lenye Seattle na Aberdeen, walivaa mashati ya drafti ya wakata miti, sweta zilizotoboka na buti za kazi kwa sababu kule ni baridi na kwa sababu nguo hizo zilikuwa mitumba ya bei poa. Jacobs akalitengeneza shati la drafti kwa hariri. Kampuni ilimfukuza, maana wateja wake matajiri hawakupendezwa, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguka, na muda si mrefu maduka ya kila mji yakawa yanauza umaskini wa Aberdeen kwa bei ya mwenye nacho. Hebu fikiria kijana aliyechekwa shuleni kwa sababu ya nguo zake, kisha anaingia dukani anazikuta zimetundikwa na haziwezi mfuko wake. Ikiwa granji iliwahi kuwadhuru vijana, basi nusu ya madhara hayo yalifanywa na wauzaji wake.

Wanamuziki wenyewe waliliona hili na baadhi yao walipigana nalo. Katika karatasi ya ndani ya mkusanyiko wa nyimbo za Nirvana uliotoka Desemba 1992, Cobain aliwaandikia mashabiki wake kwamba anayewachukia mashoga, watu wa rangi nyingine au wanawake asije kwenye maonyesho yao wala asinunue rekodi zao. Aliyaandika hayo akiwa amejua kwamba wanaume wawili walimbaka msichana huku wakiimba wimbo wake, wimbo ambao yeye aliutunga kutokana na kisa cha kweli cha msichana aliyetekwa Tacoma, na aliutunga kwa kumhurumia. Ni mwanamuziki gani aliye kileleni mwa chati anayewafukuza wateja? Aprili 1993 bendi yake ikapiga San Francisco kuchangia wanawake waliobakwa katika vita vya Bosnia. Mvulana wa miaka 13 aliyenunua tiketi kwa ajili ya kelele alirudi nyumbani akiwa amesikia jina la nchi ambayo mwalimu wake huenda hakuwahi kulitaja.

Pearl Jam walipigania bei. Walitaka tiketi isizidi dola 20 na ada ya wakala isizidi dola 1 na senti 80, wakidai kwamba mashabiki wao wengi ni watoto wa shule. Wakala mkubwa wa tiketi, Ticketmaster, akakataa. Tarehe 30 Juni 1994 Stone Gossard na Jeff Ament walikaa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani wakieleza, na bendi ikajaribu kufanya ziara bila wakala huyo. Walishindwa, ziara ilivurugika, na Julai 1995 Wizara ya Sheria ikafunga uchunguzi wake. Leo, ambapo ada za tiketi bado zinalalamikiwa, inauma kukumbuka kwamba kulikuwa na bendi iliyolisema hilo bungeni na ikaachwa peke yake.

Wasichana nao wana sehemu yao, na mara nyingi huachwa nje ya picha. Mia Zapata, mwimbaji wa The Gits, bendi iliyopendwa sana mjini Seattle, aliuawa Julai 1993 akiwa anarudi nyumbani usiku. Alikuwa na miaka 27. Polisi hawakumpata muuaji kwa miaka karibu 10. Alikamatwa mwaka 2003 kwa vipimo vya vinasaba. Katika miezi ile ya mwanzo, rafiki zake, wasanii na wafanyakazi wa baa, hawakukaa kusubiri. Walianzisha kikundi cha Home Alive, wakawa wanafundisha wanawake kujilinda kwa ada ambayo kila mmoja angeweza kuimudu, na mwaka 1996 bendi kubwa za Seattle zikatoa nyimbo zao kwa rekodi ya kukichangia. Hiyo nayo ni athari ya granji kwa vijana. Haina kaburi maarufu wala fulana za kuuzwa, basi haizungumzwi.

Sitaki kuusafisha muziki huu kupita kiasi. Kikulacho ki nguoni mwako, na ndani ya nguo ya granji kulikuwa na heroini. Andrew Wood wa Mother Love Bone alikufa kwa unga Machi 1990, kabla ya albamu ya kwanza ya bendi yake kutoka. Stefanie Sargent wa 7 Year Bitch alifuata 1992, Kristen Pfaff wa Hole Juni 1994, Layne Staley wa Alice in Chains Aprili 2002. Staley aliimba juu ya unga kwa namna inayotisha, na nina hakika hakuna aliyesikiliza vizuri akadhani anausifia. Hata hivyo wapo waliomwona msanii wao akidhoofika jukwaani wakadhani kudhoofika ni sehemu ya usanii. Magazeti ya muziki yaliyopamba picha za nyuso zilizokonda yana hesabu ya kutoa hapo, na wenye kampuni waliowapeleka ziarani watu walioonekana wazi kuwa wagonjwa nao vilevile.

Kisha kuna Moses Lake. Februari 1996, katika mji huo mdogo wa jimbo lile lile la Washington, mvulana wa miaka 14 aliwaua kwa bunduki wanafunzi wawili na mwalimu wao. Mahakamani video ya wimbo wa Jeremy, wa Pearl Jam, inayomhusu mtoto aliyepuuzwa nyumbani na kuonewa shuleni, ikatajwa kuwa miongoni mwa yaliyomwathiri. Siwezi kusema haikumgusa. Lakini video ile iliingia katika mamilioni ya nyumba, na katika nyumba ya mtoto huyu kulikuwa na mfadhaiko ambao haukutibiwa na bunduki ambazo hazikufungiwa. Na Vedder aliutunga wimbo huo baada ya kusoma gazetini, mwaka 1991, habari fupi ya mwanafunzi wa Texas aliyejiua mbele ya darasa. Habari ile ilichukua nafasi ndogo ukurasani, na Vedder hakutaka imalizikie hapo.

Sasa tufike kwenye Aprili ya mwaka 1994. Cobain alijiua tarehe 5, akakutwa tarehe 8. Wataalamu wa afya ya akili walikuwa na hofu ya haki, kwa kuwa inajulikana kwamba kifo cha namna hiyo cha mtu maarufu kinaweza kuwavuta wengine. Tarehe 10 watu wapatao 7,000, wengi wao vijana, walikusanyika Seattle Center, viwanja vya burudani vya mji huo. Ujumbe wa Krist Novoselic, mpiga besi wa Nirvana, ulisikika ukiwaambia kwamba mwenye gitaa na moyo apige, asingoje kuitwa bingwa. Kisha ikasikika sauti ya Courtney Love, mjane, akisoma sehemu za barua aliyoiacha mumewe, analia, na kila baada ya sentensi chache anambishia, anamkaripia, anawaambia watoto wale kwamba alichofanya ni kosa. Baadhi ya watu walimwona amekosa staha. Kwa maoni yangu hakuna mtu mwingine siku ile aliyefanya kazi yenye manufaa zaidi. Aliwanyima vijana picha ya kifo kizuri.

David Jobes, mtafiti wa masuala ya kujiua, na wenzake walikuja kuchunguza yaliyotokea katika wilaya ya King, yenye Seattle, na kuchapisha matokeo mwaka 1996. Idadi ya waliojiua katika majuma yaliyofuata haikupanda kama ilivyohofiwa. Kilichopanda, na kwa kiasi kikubwa, ni simu zilizopigwa kwenye kituo cha msaada cha mji huo. Watafiti walitaja namna vyombo vya habari vilivyotenganisha kazi ya msanii na kitendo chake, karipio la mjane, na namba ya msaada iliyotangazwa kila mahali. Huko Australia, ambako Nirvana walipendwa mno, uchunguzi mwingine uliochapishwa 1997 ulikuta kwamba vifo vya kujiua vya vijana wa miaka 15 hadi 24 vilipungua katika siku 30 zilizofuata habari ile. Mwanamume mmoja wa miaka 28 alijiua baada ya kutoka kwenye mkusanyiko wa Seattle Center, na takwimu haziwezi kumfuta huyo. Ila jumla ya ushahidi inasema jambo ambalo wenye shutuma hawakulitarajia: vijana waliolelewa na nyimbo zinazotaja maumivu bila kuyaficha, siku maumivu yalipowafika wenyewe, wengi wao waliinua simu wakaomba kusikilizwa. Tulikuwa tumeambiwa kwamba nyimbo hizo ziliwafundisha kufa.

Vedder amesimulia jinsi hali kama hiyo ilivyomtokea yeye mwenyewe. Wimbo wake kuhusu baba asiyemjua una kiitikio kinachosema kwamba bado yu hai, naye aliutunga akiona uhai ule ni mzigo, karibu laana. Alipousikia ukiimbwa na maelfu ya vijana kwa furaha, mwaka baada ya mwaka, akasema kwamba wao ndio walioibadilisha maana yake na kumwondolea laana ile. Mashabiki hawakuwa vyombo vya kumiminiwa huzuni. Waliipokea, wakaifanyia kazi, wakamrudishia mwenyewe ikiwa kitu kingine.

Sheria ya dansi za vijana ya Seattle iliendelea kuwepo muda wote huo, kupitia Nirvana, kupitia msiba, kupitia mamilioni ya dola zilizoingia mjini kwa jina la vijana. Novoselic alianzisha chama cha wanamuziki cha kuishawishi serikali, na vijana walihudhuria vikao vya halmashauri kueleza wanachokosa. Mwaka 2000 madiwani walikubali kuifuta, meya akaweka pingamizi. Mwaka 2001 vijana na washirika wao walianzisha Vera Project, ukumbi wa watu wa umri wote ambapo vijana hujifunza kuendesha mitambo ya sauti, kuandaa maonyesho na kukaa katika vikao vinavyoamua bendi ipi ipige. Sheria ikaondolewa mwaka 2002, ikiwa imedumu miaka 17, na mahali pake ikawekwa nyingine iliyo nyepesi. Vera Project leo ina makao yake Seattle Center, katika viwanja vile vile walipokusanyika wale 7,000, na mtoto wa miaka 14 anaingia kwa mlango wa mbele.